Pumzi Haina Nauli: Kwa Wenye Wazee Wanaotetemeka



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu usiku kwa simu ya baba, leo nina neno na wale wanaowaambia wazee wetu wagonjwa kwamba dawa ya kutetemeka ni kuvuta pumzi. Nina neno pia na wale wanaowakataza wasivute. Nitaanza na hao wa kwanza kwa sababu madhara yao ni makubwa zaidi.

Maneno yao mmekwisha kuyasikia. Yanapita kwenye simu kwa sauti ya upole, kisha yanarudiwa barazani baada ya Alasiri: mzee huyu ana hofu tu, akae, afumbe macho, avute pumzi ndefu asubuhi na jioni, aache vidonge vya hospitali kwani vinamchosha, na mkono utatulia. Wengine wanaongeza na kichupa cha mafuta ya kuuza, ili nasaha ipate bei. Msemaji si tabibu, hajawahi kulea mgonjwa wa namna hiyo hata wiki moja, na mzee akizidiwa yeye hayupo.

Kwa nini basi maneno haya yanaaminika upesi? Kwa sababu yana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayowapoteza watu wazima wenye akili zao.

Hebu tuutazame ugonjwa wenyewe. Unaitwa ugonjwa wa Parkinson, kwa jina la tabibu James Parkinson wa London aliyeandika kijitabu juu yake mwaka 1817. Hauanzi mkononi. Unaanza ndani ya ubongo, katika chembe zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini, ambacho ndicho kinacholainisha miendo yetu. Chembe hizo zinakufa polepole kwa miaka mingi, na dalili zinapoonekana sehemu kubwa imekwisha kwenda. Ndipo mkono mmoja unatetemeka ukiwa umepumzika pajani, na mwenyewe akiunyoosha kuchukua kikombe mara nyingi unatulia. Mwili unakakamaa. Hatua zinakuwa fupi, za kuburuta. Uso haukunjuki, mpaka wajukuu wanadhani babu amewakasirikia. Na ziko dalili ambazo sisi watu wa vyuoni tungepaswa kuwa wa kwanza kuziona: mwandiko wa mwalimu unaanza mkubwa mwanzo wa mstari na unamalizika mdogo kama sisimizi, sauti ya mwadhini inazama mwaka hadi mwaka. Sisi tunasema amezeeka, tumtafute kijana.

Sasa, kutetemeka huku kunazidi mtu akiwa na hofu, akiharakishwa, akitazamwa na watu wengi. Kunapungua akitulia. Akilala usingizi, kwa kawaida kunakoma. Hapo ndipo wenye maneno wanapopata mlango. Mmoja anasema: mnaona, kumbe ni wasiwasi! Mwingine anasema: mnaona, jini naye amelala! Wote wawili wameona jambo la kweli na wakalitolea hukumu ya uongo. Moto hupungua upepo ukikoma, lakini nani aliyepika kwa upepo bila ya kuni?

Na kama pumzi ingekuwa ndiyo tiba, basi wa kwanza kupona angekuwa ndugu yetu Muhammad Ali, Allah amrehemu. Mtu aliyepigana raundi 15 na Joe Frazier mwaka 1971, na aliyejiegemeza kwenye kamba pale Kinshasa mwaka 1974 akimwacha George Foreman achoke mpaka akamwangusha raundi ya nane, huyo hakuhitaji kufundishwa na mtu namna ya kupanga pumzi zake wala namna ya kutulia mbele ya hofu. Aliambiwa ana dalili za ugonjwa huu mwaka 1984, akiwa na miaka 42. Mwaka 1996 dunia nzima ilimwona Atlanta akiwasha moto wa Olimpiki huku mkono wake ukitetemeka. Aliishi nao mpaka alipofariki mwaka 2016. Imani alikuwa nayo, mali alikuwa nayo, pumzi alikuwa nazo. Nani atasimama mbele yetu aseme Muhammad Ali alitetemeka kwa sababu ya woga?

Mtu wa Palma au wa Ibo anajua tofauti ya kufua maji na kutia kalafati. Pumzi ni kufua maji kwa kifuu. Vidonge vya levodopa ni kufua kwa ndoo kubwa. Na niseme kweli yote: hata vidonge haviponyi, havizibi tobo, chembe zinaendelea kufa. Lakini chombo kikiwa na tobo katikati ya bahari, ukamnyang'anya baharia ndoo kwa kuwa mkononi ana kifuu, wewe umemzamisha. Levodopa imekuwa dawa kuu ya ugonjwa huu tangu miaka ya 1960. Ikifika kwenye ubongo inageuka kuwa dopamini, na hutiwa pamoja na karbidopa au dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo ili isimalizikie njiani. Mtu aliyekuwa hawezi kujifunga kikoi chake mwenyewe anajifunga. Mtu aliyekuwa analishwa anakula.

Nilipokuwa Pemba pamoja na wengine tuliokimbia baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, nilimjua mzee mmoja, fundi wa mashua, aliyekuwa anakaa kwa jamaa zake na vidonge vyake vikihesabiwa na binti yake. Akaja mgeni kumjulia hali, mtu wa heshima, mwenye kilemba. Akakaa naye, akamfundisha kupumua, na kweli mkono ukatulia kwa kitambo. Kaya nzima ikalia kwa furaha. Mgeni akasema vidonge viwekwe. Siku mbili za kwanza mzee alionekana hajambo na mgeni akapata sifa mtaa mzima. Kisha mzee akakakamaa kama ubao, homa ikapanda, mate yakamshinda kumeza, akawa hajui aliyeko mbele yake. Walimbeba usiku. Ilichukua wiki nyingi, dawa ikirudishwa kidogo kidogo, mpaka akaweza tena kwenda chooni bila ya kushikwa. Binti yake aliniuliza: "Mwalimu, yule alikuwa anajua alichosema?" Sikuwa na jibu la adabu.

LEVODOPA HAIACHWI GHAFLA. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Dawa ikimsumbua mgonjwa, ikimtia kichefuchefu au ikimfanya aone visivyokuwepo, anayepunguza ni tabibu aliyeiandika, hapunguzi mgeni wa Ijumaa.

Je, basi pumzi haina faida? Inayo, tena kubwa, na hapa nawageukia wale wa pili. Hawa wakimwona mzee amekaa kimya anavuta hewa na kuitoa, wanasema hii ni yoga, ni dini ya watu, ni shirki. Ndugu zangu, kuvuta hewa kwa pua na kuitoa taratibu si ibada ya mtu yeyote. Mpiga mbizi wa majongoo ya bahari anapanga pumzi zake kabla hajazama, na hakuna shehe aliyewahi kumuuliza dini yake kwa hilo. Ikiwa mazoezi yamefungwa pamoja na kumwomba asiyekuwa Allah, hayo maombi ndiyo tunayoyakataa. Mapafu tumeumbiwa. Mtume wetu (SAW) alituamrisha tujitibu, na tabibu akisema tulia upumue, hilo nalo ni katika kujitibu.

Faida yake nini? Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Hong Kong juu ya wagonjwa 138 wa Parkinson. Kwa wiki nane kundi moja lilifanya mazoezi ya kunyoosha na kutia nguvu viungo, na kundi la pili lilifanya mazoezi ya polepole pamoja na pumzi na utulivu wa mawazo. Katika mwendo wa mwili makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Tofauti ilikuwa kwenye wasiwasi na huzuni: kundi la pumzi na utulivu lilipata nafuu zaidi. Soma vizuri hapo. Wasiwasi na huzuni ndivyo vilivyopungua zaidi, na hakuna aliyesema ugonjwa umeondoka. Lakini kwa mgonjwa wa Parkinson wasiwasi si jambo dogo, maana wasiwasi unazidisha kutetemeka, kutetemeka kunaleta haya, haya inamfungia mzee ndani, na aliyefungiwa ndani mwili unazidi kukakamaa.

Na fikirini wazee wetu sisi. Vita tangu Oktoba 2017. Kimbunga Kenneth Aprili 2019. Mocímboa da Praia kutekwa 2020, Palma 2021, watu kulala porini, watu kupanda majahazi na mitumbwi mpaka ufukwe wa Paquitequete. Mwenye mkono mzima alitetemeka. Huyu mwenye ugonjwa je? Kumfundisha kutuliza pumzi yake ni wema, na anayeuzuia kwa jina la dini aje alale naye usiku mmoja milio ikisikika.

Namna yenyewe ni nyepesi. Mzee akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu ikanyage chini, mkono mmoja juu ya tumbo. Avute hewa kwa pua taratibu mpaka mkono ule uinuke, kwa hesabu ya nne. Aitoe kwa mdomo uliofinywa kidogo, kama anayepuliza uji wa moto, kwa hesabu ya sita. Asijilazimishe, na akisikia kizunguzungu aache. Dakika tano zinatosha, mara mbili tatu kwa siku, hasa kabla ya yale yanayomtia hofu: kabla ya kutoka kwenda msikitini, kabla ya wageni, kabla ya kula. Akunje ngumi kisha aifungue, ainue mabega kisha ayaachie, ili mwili ukumbuke kulegea kulivyo. Ambaye sauti imezama, akishajaza kifua atamke "aaa" kwa nguvu na kwa kirefu mpaka hewa iishe. Wataalamu wa matamshi hulitumia zoezi hili kwa wagonjwa hawa. Watoto watacheka siku ya kwanza. Waacheni wacheke, kisha watamke pamoja naye.

Miguu ikiganda mlangoni, jambo la kawaida sana kwao, msimvute mkono wala msimwambie "haya, haya, twende". Asimame, atoe pumzi, kisha avuke kitu: ukingo wa mkeka, fimbo iliyolazwa, mguu wa mjukuu. Jicho likipata mstari wa kuvuka, mguu mara nyingi unafunguka. Mdundo nao unasaidia, moja mbili, moja mbili. Mama zetu wa tufo watalifahamu hili haraka kuliko sisi. (Najua kuna wenzangu watakunja uso ngoma ikitajwa. Basi wampigie makofi.)

Tafadhali pia tusiifanye sala kuwa mazoezi ya viungo. Siku hizi kila mahali husemwa rukuu na sujudu ni tiba ya hiki na kile. Sisi tunaswali kwa kuwa tumeamrishwa, na dini hiyo hiyo imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali amekaa, au amelala ubavu akishindwa. Wagonjwa wengi wa Parkinson wanapata kizunguzungu wakiinuka ghafla kwa sababu presha inashuka. Kumwambia ajikaze asujudu ili apone ni kumvunja nyonga. Na Ramadhani ikifika, mwenye vidonge vya mara tatu nne kwa siku amuulize tabibu kwanza kabla ya kujaribu ushujaa. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Kitabu, hatukuitunga sisi.

Sasa nifike kwenye linaloniuma.

Tunapenda kumwambia mzee avute pumzi kwa sababu PUMZI HAINA NAULI. Hospitali ya mkoa iko Pemba, hospitali kuu ya kaskazini iko Nampula, na wengine wetu huvuka Ruvuma kwenda Mtwara. Kila njia ina gari, ina chakula, ina mahali pa kulala, na miaka hii ina hofu ya barabara. Pumzi haidai hata metikali moja. Ndiyo maana nasaha ya pumzi inatupendeza sisi watoto kuliko inavyompendeza mgonjwa: inatuondolea safari. Tunaita tawakkul, na ndani yake kuna ubahili. Mzee akifa tunachanga sanda kwa saa moja, tunachanga na hitima, mchele unaletwa kwa gunia. Alipokuwa hai akihitaji kopo la vidonge, nani alipita na bakuli?

Wala msiseme ugonjwa huu si wetu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 161,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha wagonjwa 33, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na tabibu wana nini. Waliwekwa na ndugu zao miaka, wanaitwa wazee tu. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2011, uliwasikiliza wagonjwa na walezi: wakauita ugonjwa wa kutetemeka, na walikuwepo waliodhani ni kurogwa. Hao ni watu wanaosema lugha yetu, wenye wazee kama wetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wagonjwa duniani walizidi milioni 8.5. Shirika hilo limeiweka levodopa pamoja na karbidopa katika orodha yake ya dawa muhimu, lakini kuwemo kwenye orodha si kuwemo kwenye kabati la kituo cha afya, na lenyewe limekiri kwamba katika nchi za kipato kidogo dawa hii haipatikani kila mahali wala kwa bei ya kila mtu. Kwa hiyo anayeipata na kuitupa ametupa ambacho mwenzake anakililia.

Watatokea wa kuniuliza habari za upupu. Kweli, mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, matabibu wa India wamezitumia tangu zamani, na zimejaribiwa kwa wagonjwa zikafanya kazi. Lakini kiasi chake hakijulikani kwa kutazama mbegu. Hapa hapa nchini kwetu, mkoa wa Nampula, mwaka 1989 wakati wa vita na njaa, watu wapatao mia mbili waliokula mbegu hizo bila ya kuzitengeneza inavyopasa walipatwa na wazimu wa ghafla. Basi asiwepo wa kumtwangia baba yake upupu kwa kukadiria kwa kiganja.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui: kuna dawa za hospitali zenyewe zinazomzidishia mgonjwa huyu. Haloperidoli, inayotolewa kwa wenye kuchanganyikiwa akili, na metoklopramidi, inayotolewa kwa kutapika, zote mbili zinazuia kazi ya dopamini. Mzee akipelekwa usiku anaweweseka na asiyemjua, sindano inaweza kumgandisha. Aliyefuatana naye aseme mapema, kwa sauti: huyu ana Parkinson. Na vidonge vinywewe kabla ya chakula, nusu saa hivi, kwa sababu samaki, nyama na kunde vikitangulia tumboni vinaipunguzia levodopa njia.

Sisi walimu wa chuo chetu tumeshauriana tuanze na dogo. Kila Ijumaa baada ya sala kopo litawekwa mlangoni, kando na lile la mafuta ya taa za msikiti, kwa ajili ya nauli na vidonge vya wagonjwa wa namna hii. Mwenye mzee nyumbani aandike kwenye karatasi jina la dawa, vidonge vingapi kwa siku, na vimebaki vya siku ngapi. Jina la mzee si lazima. Karatasi apewe mwalimu yeyote kabla ya Alhamisi, ili anayesafiri Jumamosi kwenda Pemba ajue anaagizwa nini. Na wanafunzi wa darasa la jioni watakaopenda kumsindikiza mzee kwenye mazoezi ya pumzi, saa kumi na moja, waje na mkeka wenye mistari.

Wabillahi tawfiq.